Vitufe vya usukani kwenye kompyuta ya injini: ninavyovifunga mimi hapa Malindi

Gari likishawekewa kompyuta ya injini ya kununua kando badala ya ile iliyotoka nayo kiwandani, kinachofuata huwa ni matundu. Mwenye gari anataka swichi ya feni ya rejeta, swichi ya kubadilisha nguvu ya turbo, swichi ya hiki na kile, na kila moja inatobolewa mahali pake hadi dashibodi inafanana na ubao wa bao. Halafu usiku, kwenye barabara ya kwenda Mambrui, dereva anaondoa mkono kwenye usukani aanze kupapasa gizani. Na usukani wenyewe una vitufe vya redio vimekaa bure chini ya kidole gumba chake.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari, nilianzia kwenye redio kabla ya magari. Kwa hiyo kazi hii naiona ni ya redio zaidi kuliko ya injini. Nitaieleza kwa gari lililopo karakana sasa hivi: Toyota Mark II yenye injini ya 1JZ-GTE, silinda sita, lita 2.5, ya mfanyabiashara wa samaki anayekwenda Ngomeni na kurudi karibu kila siku. Alikuja na usukani wa Toyota nyingine ya karibuni, wenye vitufe, ameutoa kwenye gari la ajali. Akasema, "Fundi, vitufe hivi vyote vifanye kazi ya injini." Nikamwambia tutaona ni vipi vitakavyostahili.

Jambo la kushika mwanzo ni hili: kitufe cha usukani kinapeleka habari tu. Hakiwashi feni, hakifungui pampu, hakibebi mzigo wowote. Kompyuta inasoma volti ndogo, inaelewa ni kitufe kipi, kisha yenyewe inaivuta rilei, na rilei ndiyo inayobeba ampea za feni. Nimeona watu wanapitisha umeme wa taa za mbele kwenye nyaya za usukani. Nyaya zile ni utepe mwembamba sana, hauna uwezo huo, na uko sentimita chache kutoka kwenye mfuko wa hewa.

Kabla ya kushika spana

Mfuko wa hewa ndio unaoua katika kazi hii, si turbo wala petroli. Toa kichwa cha hasi cha betri, kiweke mbali kisirudi chenyewe, kisha subiri. Maelekezo ya Toyota yanataka angalau sekunde 90, maana kompyuta ya mifuko ya hewa ina umeme wa akiba ndani yake. Mimi sihesabu sekunde, natuma chai na mahamri na nasubiri viishe. Weka magurudumu ya mbele sawasawa yakitazama mbele, ondoa ufunguo.

Mfuko wa hewa umeshikwa kwa skrubu mbili za pembeni, nyuma ya usukani, kwenye Toyota nyingi ni Torx T30. Ukitoka, uweke mezani uso ukitazama juu, mahali pasipo na jua kali. Soketi yake ni ya njano na nyaya zake zinajulikana kwa rangi hiyo. Usiziguse kwa mita. Mita inapopima ukinzani inatoa mkondo wake yenyewe, na mfuko wa hewa haujui kwamba wewe unapima tu. Kijana yeyote anayekuja kujifunza kwangu hili ndilo la kwanza analosikia, na analisikia kila mara usukani unapofunguliwa.

Kisha nati ya katikati, boksi namba 19. Ilegeze lakini usiitoe yote, acha hesi chache zishike, ili usukani ukiachia ghafla usikupige kidevuni. Piga alama ya rangi kwenye usukani na kwenye nguzo yake, uweze kuurudisha ulivyokuwa.

Nyuma ya usukani utaona kidude cha plastiki cha duara. Mafundi wanakiita kloki-springi. Ndani yake mna utepe uliokunjwa unaojikunja na kujikunjua usukani unapozunguka, na humo ndimo zinamopita nyaya za honi, za mfuko wa hewa na za vitufe. Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama. Gari lililotoka kiwandani bila vitufe vya usukani mara nyingi lina kloki-springi yenye njia za honi na mfuko wa hewa peke yake. Utafunga usukani mzuri, vitufe vitakaa vizuri, na hakuna hata waya mmoja wa kuvitoa nje. Hesabu pini kabla hujanunua kitu. Mark II hii ilikuwa hivyo hivyo, tukatafuta kloki-springi ya modeli iliyokuwa na vitufe, yenye soketi ya mfuko wa hewa ya aina ile ile. Soketi ya mfuko wa hewa isipolingana, usiikate wala usiiunganishe kwa mkono, tafuta nyingine inayolingana.

Kloki-springi ikishatoka isiachwe izunguke ovyo. Bandika kipande cha tepu. Ukipokea ya mkononi ambayo hujui imezungushwa mara ngapi, izungushe taratibu kinyume cha saa hadi igome yenyewe, bila kulazimisha, kisha irudishe upande wa saa takriban mizunguko miwili na nusu hadi alama zake zikutane. Ndiyo katikati. Ikifungwa nje ya katikati, siku dereva atakapokata kona ya mwisho pale sokoni utepe utakatika, na taa ya mfuko wa hewa itawaka.

Vitufe vinasema nini

Sasa chukua mita, uiweke kwenye ukinzani, na upime sahani ya vitufe ikiwa mezani. Kwenye Toyota nyingi hakuna ujanja mle ndani. Kundi la vitufe lina waya wa ishara na waya wa kurudi, na kila kitufe kikibonyezwa kinaziunganisha nyaya hizo mbili kupitia rezista ya thamani yake. Michoro ya Toyota huandika AU1 na AU2 kwa ishara, EAU kwa waya wa kurudi. Huu tulio nao ulisoma hivi kwenye AU1: kitufe cha kutafuta stesheni mbele karibu omu 0, cha kutafuta nyuma karibu omu 330, cha kuongeza sauti karibu omu 1,000, cha kupunguza sauti karibu omu 3,110. Bila kubonyeza chochote, kama omu 100,000. AU2 inarudia thamani hizo hizo kwa vitufe vya modi na vya simu.

Bonyeza kila kitufe pole, kisha kwa nguvu, kisha pembeni. Nambari ikirukaruka, fungua sahani. Usukani uliokaa kwenye gari la ajali nje, kwenye upepo huu wetu wa kusi unaobeba chumvi, mara nyingi una ukungu wa kijani kwenye shaba ya ndani. Spiriti na mswaki wa zamani vinatosha. Msasa hapana, unakwangua kile kipako cheusi cha mguso na hutakipata tena.

Ikiwa mita haionyeshi mabadiliko yoyote yenye maana, pengine usukani wako una chipu ndani na unazungumza kwa lugha ya LIN, kama magari mengi mapya ya Ulaya. Hapo ama ununue kifaa cha kutafsiri LIN kwenda CAN, lugha nyingine ya kompyuta za magari, ambacho kompyuta yako inakielewa, ama utoe bodi ya ndani na ujenge ngazi yako ya rezista, yaani thamani tofauti kwa kila kitufe, nyuma ya vitufe vile vile. Mimi huchagua la pili. Rezista nne za robo wati hazifiki bei ya soda.

Kutoka omu kwenda volti

Kompyuta ya injini haisomi omu, inasoma volti kati ya 0 na 5. Kwa hiyo inahitajika rezista nyingine upande wa juu, kutoka volti 5 kwenda kwenye waya wa ishara, ili kitufe kikibonyezwa kiivute ishara kushuka. Kompyuta nyingi zina rezista hiyo ndani kwenye milango ya sensa za joto, kwa sababu sensa ya joto nayo ni rezista inayobadilika. Kwenye kompyuta ya injini ya Link G4+, kwa mfano, milango inayoitwa AN Temp ina omu 1,000 ndani, na ile ya AN Volt haina. Soma karatasi ya kompyuta yako uone. Mlango usiokuwa nayo unaongezewa kwa nje: rezista ya omu 1,000, yenye rangi ya kahawia, nyeusi, nyekundu, kutoka waya wa volti 5 za sensa hadi waya wa ishara. Iweke karibu na kompyuta, si kule kwenye usukani.

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha 5 kwa omu za kitufe, ugawe kwa omu za kitufe jumlisha 1,000. Kwa vitufe vyetu inatoka hivi. Omu 0 inakuwa volti 0. Omu 330 inakuwa volti 1.24. Omu 1,000 inakuwa volti 2.5 kamili. Omu 3,110 inakuwa volti 3.78. Pasipobonyezwa kitu, volti 4.95. Ukizitazama zimeachana karibu sawa, zaidi ya volti moja kila hatua. Aliyechagua thamani hizi kule Japani alijua anachofanya, na ukijenga ngazi yako mwenyewe unaweza kuziiga bila kufikiri zaidi.

Lakini usiandike kwenye programu kwamba kitufe ni volti 1.24 tu. Kipe nafasi. Mimi huweka chini ya 0.5 kuwa cha kwanza, kati ya 0.9 na 1.7 cha pili, kati ya 2.1 na 2.9 cha tatu, kati ya 3.4 na 4.2 cha nne, na juu ya 4.5 ni hakuna aliyebonyeza. Kilichobaki katikati ni uwanja mtupu, volti ikiangukia humo kompyuta isifanye lolote. Angalia cha pili nimekipa nafasi zaidi upande wa juu, kwa makusudi. Chumvi ikianza kula mguso, ukinzani unaongezeka, haupungui. Omu 330 zikiwa 500 volti inapanda hadi 1.67. Bado iko ndani.

Tazama sasa kitufe cha kwanza, cha volti 0. Waya wa ishara ukikwaruzwa ukagusa bodi ya gari, kompyuta itasoma volti 0, yaani itaona kitufe hicho kimebonyezwa na hakiachiwi. Waya ukikatika, itasoma karibu volti 5, yaani hakuna aliyebonyeza. Kukatika hakuna hatari, kugusa bodi kuna. Ndiyo maana kitufe cha volti 0 sikipi kazi yoyote ya kubadilisha injini. Nakipa kazi ya kuweka alama kwenye kumbukumbu: dereva akihisi gari limekohoa, anakibonyeza, na baadaye kwenye laptopu tunaona ni sekunde ipi. Kikijibonyeza chenyewe, hasara ni alama nyingi tu.

Na usiunganishe AU1 kwa redio na kwa kompyuta kwa wakati mmoja. Redio nayo ina rezista yake ya juu na volti zake, zitapigana na hakuna atakayesoma sawa. Chagua. Mwenye Mark II alitaka zote ziende kwenye injini, mpaka mkewe alipouliza sauti ya redio itapunguzwa wapi simu ya mamake ikiingia. Tukaamua AU1 iende kwenye injini na AU2 ibaki ya redio, kwa kuibadilishia kazi zake kwenye redio yenyewe, maana redio nyingi za siku hizi zinakubali kufundishwa kitufe kipi ni kipi.

Ethi

Nikiletewa gari ambalo vitufe vinafanya kazi injini ikiwa imezimwa na vinapagawa ikiwashwa, siangalii vitufe. Naangalia ethi. Karibu kila mara waya wa kurudi wa vitufe umefungwa kwenye skrubu ya bodi chini ya dashibodi, kwa kuwa ilikuwa karibu.

Bodi ya gari si volti 0 kila mahali. Feni ya rejeta, taa, pampu ya petroli, vyote vinarudisha mkondo wao kupitia chuma hicho hicho, na chuma kina ukinzani wake, hasa kwenye gari lililozeeka kando ya bahari ambalo boliti zake za ethi zimeota kutu. Feni ikiwaka, ile sehemu ya bodi uliyofungia inapanda sehemu ya kumi ya volti, pengine sehemu mbili au tatu za kumi. Kompyuta inapima kutoka ethi yake yenyewe, kwa hiyo tofauti hiyo, yote au sehemu yake, inajiongeza juu ya kila kitufe. Kitufe cha 2.5 kinakuwa 2.6 na kuendelea, kinacheza kila alternata inapopumua.

Dawa ni moja: EAU irudi kwenye pini ya ethi ya sensa ya kompyuta, ile ile inayotumiwa na sensa ya joto la maji. Iende na waya wake peke yake hadi pale. Isiguse bodi popote njiani. Hakikisha kwa mita, kompyuta ikiwa imechomolewa: kati ya EAU na bodi isomeke kwamba njia iko wazi. Ikilia, kuna mahali pamegusa, mara nyingi ni kwenye sukani ambazo honi yake inatumia chuma cha nguzo kama ethi na mtu ameziunganisha pamoja.

Honi iache ilivyo. Waya wake una volti 12 zinazotoka kwenye koili ya rilei ya honi, na unapita ndani ya utepe mmoja na ishara zako. Kwa sababu hiyo, kabla ya kufunga, pima kati ya njia ya honi na njia za vitufe kwenye kloki-springi: pasiwe na mawasiliano yoyote. Pima pia kila njia ya vitufe mwanzo hadi mwisho huku ukiizungusha taratibu. Nikiona zaidi ya omu 5, au nambari inayocheza, naitupa. Njia za mfuko wa hewa, zilizo ndani ya kloki-springi tu na si nyaya za mfuko wenyewe, sizipimi hapo mpaka niwe na hakika mfuko wenyewe umo kwenye meza ya mbali.

Nyaya

Natumia waya mwembamba, wa milimita za mraba 0.35 au 0.5, na kama naupata, ule uliopakwa bati unaouzwa kwa ajili ya boti. Shaba tupu hapa kwetu inageuka kijani ndani ya ganda lake hata mahali ambapo hukukata. Hili watu wa Nairobi hawaliamini hadi waone. Magari yanayopita Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, ndiyo mabaya zaidi.

Chini ya nguzo ya usukani nabana kwa koleo la vichwa vya waya badala ya kulehemu. Lehemu inaufanya waya mgumu pale inapoishia, na waya unaotikiswa unakatika hapo hapo. Nikilazimika kulehemu, navalisha mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani, na nafunga waya kwenye kitu kigumu sentimita mbili baada ya kiungo usiyumbe. Soketi zote napaka grisi ya silikoni kidogo. Nyaya mbili, ishara na EAU, nazisokota pamoja kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kompyuta, ambayo kwenye Mark II ipo nyuma ya kasha la dashibodi upande wa abiria. Zisiandamane na nyaya za koili za cheche wala nozeli. Zikilazimika kukutana nazo, zivuke kwa pembe ya msalaba.

Kurudisha usukani: alama kwa alama, nati ya katikati nyutoni-mita 50 kwa spana ya kipimo, soketi ya njano hadi ibofye, mfuko wa hewa, skrubu zake. Betri mwisho kabisa, na wakati wa kuiunganisha mtu asikae mbele ya usukani. Taa ya mfuko wa hewa iwake na kuzima yenyewe. Isipozima, simamisha kila kitu kingine uishughulikie hiyo kwanza.

Kwenye laptopu

Kila programu ina maneno yake, lakini mwendo ni mmoja. Unaufanya mlango huo kuwa wa volti, bila jedwali la joto. Unatengeneza jedwali la kugeuza volti kuwa nambari: 0 hakuna, 1 hadi 4 vitufe. Kisha unatengeneza swichi za kufikirika, kila moja ikisema, "nambari ikiwa 2, mimi nimewaka." Ongeza sharti la muda, sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, maana volti inaposhuka kutoka 4.95 kwenda 0 inapita njiani kwenye nafasi za vitufe vingine vyote, na kompyuta yenye haraka itaona vitufe vinne kwa mbonyezo mmoja.

Ukibonyeza viwili kwa pamoja, kile chenye omu chache ndicho kinachoshinda. Usipange kazi yoyote ya kubonyeza viwili.

Sasa kazi zenyewe. Orodha ya kwanza ya mwenye gari ilikuwa ndefu, na nusu yake ilikuwa ni mambo ya kusimama taa nyekundu injini inapiga kelele. Malindi haina taa nyekundu za kutosha kwa mchezo huo. Nilivyompangia ni hivi.

Kitufe cha 330 ni feni ya rejeta. Mbonyezo mmoja unawasha, wa pili unarudisha kwa kompyuta. Kinaweza kuwasha tu. Kuzima feni wakati maji yamechemka hakukubaliwi, hata dereva akibonyeza mpaka kidole kianze kuuma. Kompyuta inavuta hasi ya koili ya rilei, mguu wa 85, huku 86 ikipata volti 12 za ufunguo, na 30 ikitoka betri kupitia fyuzi kwenda 87 na feni. Tumia rilei yenye rezista au dayodi ndani, umeme wa kurudi wa koili usiitese kompyuta.

Kitufe cha 1,000 kinabadilisha ramani ya injini, yaani mpangilio wa presha ya turbo na wa cheche. Ramani ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili inashusha presha ya turbo hadi ile ya springi ya kilango chake cha kupunguzia presha (wastegate) peke yake na kurudisha cheche nyuma kidogo. Hiyo ni kwa siku ambayo petroli imenunuliwa kwenye dumu mahali huko njia ya Garsen na hakuna ajuaye imekaa jua kali kwa muda gani. Nimeweka sharti: ramani haibadiliki mpaka mguu uwe umeachia mafuta, chini ya asilimia 10. Kubadilisha cheche katikati ya mkimbio ni kutafuta pistoni zianze kugonga.

Kitufe cha 3,110 ndicho alichokipenda kuliko vyote. Kikishikiliwa sekunde tatu, gari limesimama, mizunguko inafungwa isipite 3,500 kwa dakika. Mdogo wake anapenda kuliazima kwenda Watamu. Kukifungua kunahitaji kushikiliwa tena gari likiwa limesimama na breki imekanyagwa, na hilo hajaambiwa.

Kasi ya kujiendesha yenyewe safarini (cruise control) sikuiweka, ingawa kompyuta inaiweza. Inataka koo la hewa la umeme, swichi ya breki yenye njia mbili za uhakika, na barabara isiyo na mbuzi. Kwa jamaa zangu wa Lamu mjini haya yote ni vichekesho, kule punda ndiye gari na usukani wake ni fimbo.

Kujaribu

Usitoke barabarani kabla ya haya. Injini imezimwa, ufunguo umewashwa, laptopu inarekodi volti za mlango huo. Shika kitufe kimoja, zungusha usukani kutoka kona hadi kona, kisha kitufe cha pili, hivyo hivyo hadi vyote. Mstari wa volti uwe umenyooka. Kisha washa injini, feni, taa kubwa, kiyoyozi, na urudie. Kila kitufe kisisogee zaidi ya sehemu ya kumi ya volti kutoka pale kilipokuwa. Kikisogea zaidi, rudi kwenye ethi. Piga honi ndefu huku ukitazama mstari, kwa sababu honi ndiyo jirani wa karibu wa ishara yako mle ndani ya utepe. Majirani zangu wa hapa nao wamezoea, hawatoki tena kuuliza kuna nini.

Kisha endesha kwenye barabara mbovu makusudi. Mimi hupenda njia ya mchanga na mawe kuliko lami kwa kazi hii, dakika ishirini, vitufe bila kuguswa. Ukirudi, tafuta kwenye kumbukumbu alama zozote ambazo hakuna aliyezibonyeza. Zikiwapo, ishara inagusa bodi mahali, na mara nyingi ni pale nyaya zinapopita kwenye mabano ya nguzo ya usukani, ukingo wa bati usio na mpira.

Mwisho naandika karatasi: rangi za nyaya, pini za kompyuta, volti za kila kitufe siku ya kufunga, na mipaka yake kwenye programu. Naitia kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya kasha la dashibodi, na picha yake inabaki kwenye simu ya mwenye gari. Baada ya kaskazi moja na kusi moja arudi tupime tena. Volti za vitufe zikiwa zimepanda, tunasafisha mguso kabla hazijavuka mpaka, na anarudi Ngomeni siku hiyo hiyo.